Kabla hujaenda Marekani kulea watoto wa watu: ninayowaambia wasichana wanaonijia Kisumu

Kila baada ya wiki mbili tatu, msichana hunijia hapa Manyatta, wakati mwingine akiwa na mamake, akitaka kujua nilifanyaje nikaenda Marekani kuwa au pair. Namkalisha, namwekea chai, na kabla sijamwambia lolote kuhusu viza namuuliza swali moja: ukikuta vyombo vichafu vimejaa kwenye sinki katika nyumba ya watu, unafanya nini? Wote hujibu vilevile. "Naosha." Basi tunaanzia hapo, kwa sababu malezi hayo mazuri ndiyo yaliyonichosha miezi yangu mitatu ya kwanza.

Au pair ni neno la Kifaransa lenye maana ya kuwa sawa kwa sawa. Ni kijana wa miaka 18 hadi 26, aliyemaliza sekondari na anayezungumza Kiingereza vizuri, anayekaa na familia kwa mwaka mmoja, akiwalea watoto wao huku naye akisoma kidogo. Mwaka huo unaweza kuongezwa miezi 6, 9 au 12. Marekani imekuwa na mpango huu tangu 1986. Unasimamiwa na Wizara yao ya Mambo ya Nje, na viza yake ni J-1. Kanuni zake zimeandikwa, nawe zikariri kabla ya kupanda ndege: kazi isizidi saa 10 kwa siku wala 45 kwa wiki. Kila wiki una siku moja na nusu ya kupumzika, na kila mwezi wikendi moja nzima. Una wiki mbili za likizo yenye malipo. Unalala chumba chako peke yako. Posho isipungue dola 195.75 kwa wiki, na familia ikulipie karo ya masomo hadi dola 500.

Halafu kuna kanuni ambayo wasichana wetu huipita mbio: kazi yako ni ya watoto. Nguo za watoto, chakula cha watoto, vyombo walivyotumia kula, chumba chao. Kusugua choo cha wazazi hakumo.

Karatasi

Familia haiwezi kukuajiri moja kwa moja. Ni lazima upitie shirika lililoidhinishwa na wizara ile, na orodha ya mashirika hayo iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Mtu akikwambia uende kwa viza ya matembezi halafu "mengine tutapanga huko", ondoka. Rafiki yangu alimpa ajenti mmoja hapa mjini shilingi elfu thelathini, akaonyeshwa barua yenye mhuri, na mpaka leo simu ya mtu huyo haishikwi.

Utahitaji pasipoti, cheti cha KCSE, cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai (unaomba kupitia eCitizen, kisha unachukuliwa alama za vidole), na barua za watu uliowalelea watoto. Kwenye barua hizo omba waandike saa. Huwezi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili kama huna angalau saa 200 za kulea watoto wa umri huo zilizothibitishwa kwa maandishi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi kwa mama mmoja wa deikea, nyumba ya kulelea watoto mchana, huko Kondele, na barua yake ya ukurasa mmoja, aliyoiandika kwa mkono, ndiyo iliyonifungulia mlango.

Shirika likishakupatia familia, watakutumia fomu ya DS-2019, inayothibitisha kwamba umekubaliwa kwenye mpango, utalipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wageni wa viza kama hii, ya dola 35, kisha utapangiwa mahojiano kwenye ubalozi wa Marekani Gigiri, Nairobi. Nilipanda basi la usiku kutoka Kisumu. Afisa aliniuliza maswali machache tu, na lililokuwa na uzito ni hili: ukirudi utafanya nini? Nilikuwa na jibu la kweli, kwamba nataka kusomea elimu ya chekechea. Nawe tafuta jibu lako la kweli. Lile la kukariri linasikika sautini.

Unapozungumza na familia kwa video kabla ya kukubaliana, usitabasamu tu. Waulize Jumanne yao ya kawaida ikoje, kuanzia mtoto wa kwanza anapoamka hadi wa mwisho anapolala. Waulize kama wamewahi kuwa na au pair mwingine, na kama unaweza kuzungumza naye bila wao kuwepo. Familia njema haiudhiki na ombi hilo.

Kikapu cha nguo

Nilikaa na familia yenye watoto wawili, wa miaka 4 na wa mwaka mmoja na nusu, nje kidogo ya Minneapolis, Minnesota. Mama wa nyumba aliniambia tangu siku ya kwanza nimwite kwa jina lake. Ulimi ulikataa. Kwetu mtu mzima ni Mama Fulani. Wiki mbili nzima sikumwita chochote, nilikuwa nasubiri anitazame ndipo niseme. Nawe usifanye hivyo. Mwambie wazi kwamba kwenu jina tupu la mkubwa ni utovu wa adabu, na muombe akupe muda. Nilipomwambia, alifurahi kuelewa, maana alikuwa ameanza kudhani simpendi.

Wiki ya pili niliona kikapu cha nguo chafu za wazazi kando ya mashine ya kufulia. Msichana aliyelelewa vizuri haoni nguo chafu akazipita. Nikazifua, nikazikunja, nikaziweka kitandani kwao. Mama alinishukuru mpaka akanikumbatia. Wiki iliyofuata kikapu kilikuwa palepale. Wiki ya tano kilikuwa na mashati ya baba ya kazini, na juu yake kijikaratasi cha manjano: haya yasiingie kwenye mashine ya kukaushia.

Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba napenda kufua. Kwetu mtu hufanya bila kuambiwa, na mwenye nyumba mwenye utu humwambia, "Acha mwanangu, umechoka." Kule hakuna atakayekwambia acha. Wanaamini kwamba jambo likikuuma utasema, na usiposema, basi huna neno. Unavyovumilia ndivyo wanavyozidi kuamini kwamba una furaha.

Nilikuwa na daftari la Kasuku nililotoka nalo nyumbani. Mwezi wa tatu nikaanza kuandika kila siku nilipoanza na nilipomaliza. Wiki ya kwanza ilitoka saa 53. Nikampigia mama yangu simu nyumbani, nikalia. Akaniambia vumilia, mwanangu, uko kwa watu. Nikampigia mratibu wa shirika wa eneo lile, ambaye ni wajibu wake kuwasiliana nawe kila mwezi, naye akaniuliza neno moja tu: umewaambia?

Sikuwa nimewaambia. Kwa hiyo hivi ndivyo unavyosema. Chagua Jumapili jioni watoto wakishalala, si pale mama anapoingia kutoka kazini na mkoba bado begani. Anza na watoto: sema unachokipenda kwao, jambo mahususi. Kisha weka daftari mezani, limefunguliwa. Usiseme "mnanionea". Sema, "Wiki hii nimefanya saa 53, na kanuni inasema 45. Naomba tuangalie pamoja ni zipi tuondoe." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana utatamani kuongeza "lakini si neno". Usiongeze.

Mama wa nyumba alisoma mstari kwa mstari, kidole chake kikishuka kwenye ukurasa, uso ukazidi kuwa mwekundu. Akamwita mumewe. Akajumlisha mwenyewe kwa simu, akapata 53. Wakaomba msamaha, wote wawili. Jumatatu kulikuwa na ratiba mlangoni pa friji, na Jumamosi nilimkuta baba akipiga pasi mashati yake huku akitazama mpira.

Kama wangekataa, ningemrudia mratibu, na ikishindikana kabisa unaruhusiwa kuomba familia nyingine. Kwa kawaida hupewa kama wiki mbili za kuitafuta. Usitoroke. Ukitoka kwenye mpango, viza yako haina mguu wa kusimamia.

Watoto wenyewe

Kabla ya kukabidhiwa watoto utapewa mafunzo ya saa 32: 8 za usalama na 24 za ukuaji wa mtoto. Sikiliza kwa makini saa zile 8.

Alasiri moja yule mkubwa alirudi kutoka shuleni amelegea, mashavu ya moto. Nikampima. Kipimajoto kikaandika 101.3. Mikono yangu ilitetemeka, kwa sababu maisha yangu yote nimejua homa ni 38 au 39. Wao wanapima kwa Farenhaiti. Nilimpigia mamake nikiwa na machozi kooni, naye akanituliza na kuniambia nini cha kumpa na kiasi gani. Usiku huo niliandika karatasi nikaibandika kwenye friji, nawe iandike siku utakayofika: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, 104 ni 40. Dawa yoyote, hata ya homa ya kawaida, usimpe mtoto bila mzazi kusema jina lake na kipimo chake. Sisi wa kando ya ziwa homa ikipanda tunawaza malaria kwanza. Kule utawaza mafua, sikio, koo. Simu ya dharura ni 911. Ijue anwani ya nyumba bila kuangalia popote.

Zabibu mkatie mtoto mdogo vipande vinne kwa urefu, na soseji vilevile, maana kile kiduara kinaziba koo. Waulize wazazi, na shule pia, kuhusu watoto wanaodhurika na karanga. Mimi nilikuwa nimebeba njugu karanga kutoka Kibuye kama zawadi. Nashukuru niliuliza kabla ya kufungua, kwa sababu darasani kwa yule mkubwa haziruhusiwi kabisa.

Kiti cha gari kina mambo yake. Wakati wa baridi kali, mvue mtoto jaketi nene kabla ya kumfunga mkanda, kisha umfunike nalo kwa juu. Gari likigonga, jaketi hubonyea na mkanda ukabaki umelegea. Bana mkanda begani kwa vidole viwili: ukiweza kuukunja, bado haujakaza. Kile kifungo cha kifuani kiwe usawa wa makwapa. Nilifanya hivyo kila asubuhi, vidole vikiuma kwa baridi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika majira hayohayo mimi niliyekulia karibu na Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, nilisimama juu ya ziwa lililoganda, nikawaona wanaume wametoboa barafu wakivua samaki shimoni. Nilimtumia baba yangu picha, akakataa kuamini.

Usimchape mtoto. Hata kofi dogo la mkono, hata kumfinya. Utarudishwa nyumbani. Na hata ukiweka kando hofu ya sheria, utaona kuna njia nyingine. Yule mkubwa akitupa vitu, nilipiga magoti hadi macho yetu yakalingana, nikamshika mikono, nikasema pole pole kile alichokuwa anahisi: umekasirika kwa sababu mdogo wako amechukua gari lako. Mara tatu haikufaa. Mara ya nne alinilalia begani.

Siku moja aliteleza kwenye ngazi, nikamwambia "sorry" kama tunavyosema kwetu. Akanitazama machozi yakimtoka: "Lakini wewe hukunisukuma." Nikamfundisha neno pole, kwamba si kukiri kosa, ni kumwambia mtu nimeona umeumia. Baada ya mwezi mmoja hata yule mdogo alikuwa akimwambia mbwa pole.

Pesa, simu, na kurudi

Posho hulipwa bila kukatwa kodi, lakini kodi unadaiwa. Weka kando dola 20 kila wiki, usiziguse, ujaze fomu ya 1040-NR kabla ya katikati ya Aprili. Wenzangu wawili walituma kila senti nyumbani, na Aprili ilipofika wakakopa. Waambie watu wa nyumbani mapema kiasi utakachoweza kutuma kwa mwezi, na usipandishe kwa sababu ya aibu.

Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa kiangazi, na saa 9 kuanzia Novemba hadi Machi. Saa tatu usiku Kisumu ilinikuta mimi mchana, mdogo amelala. Huo ndio uliokuwa wakati wa kuongea na mama yangu.

Mwaka ukikaribia kuisha, una siku 30 za kusafiri baada ya mpango kabla ya kutoka nchini. Watoto waambie mapema. Sisi tulichora vikaragosi vya siku 21 kwenye karatasi, kila jioni tukafuta kimoja, ili siku yenyewe isiwashtue. Na waombe wazazi barua kabla hujafunga sanduku, iandikwe umri wa watoto na idadi ya saa ulizofanya, kama ile ya mama wa Kondele. Mimi yangu niliandikiwa na baba, kwenye meza ileile ya daftari la Kasuku. Ndiyo niliyoipeleka kwenye chekechea ninayofundisha sasa.