Kukata thredi ya M20 kwenye leithi: kazi inaanzia kwenye kisu

Bolti iliyoliwa ya gari la utalii na shafti ya mashine ya kumenya kahawa kutoka mashamba ya Moshi zinaweza kufika kwenye meza moja ya fundi asubuhi moja, zote zina unene wa karibu 20 mm, na zisiwe na undugu wowote. Thredi ya kwanza, yaani meno yanayozunguka ambayo nati hupita, ni ya milimita, pembe ya jino digrii 60. Ya pili, kama mashine ni ya zamani ya Uingereza, huenda ni Whitworth (thredi ya Kiingereza ya inchi), digrii 55. Kisu cha moja hakifai kwa nyingine: meno hugusana kwenye mstari mwembamba tu badala ya ubavu mzima, na mtikisiko ukianza nati hulegea.

Hapa, kwa leithi (mashine ya kukereza), tunakata M20, yaani thredi ya milimita yenye kipenyo cha 20 mm, kwenye chuma laini. Pichi, umbali kutoka jino hadi jino, ni 2.5 mm.

1. Hakikisha ni thredi gani. Safisha sampuli kwa brashi ya waya, kisha pima nafasi 10 za meno kwa venia (kipimio cha taya mbili). Ukipata 25 mm, pichi ni 2.5. Ukipata 25.4 mm, ni meno 10 kwa inchi, yaani Whitworth ya robo tatu inchi. Rula haitakuonyesha tofauti hiyo. Pima meno ambayo hayakubeba mzigo, kwa sababu bolti iliyovutika hudanganya.

2. Noa kisu. Usiharakishe hapa. Chukua haispidi (chuma kigumu cha kutengenezea visu) ya mraba wa 10 mm. Kabaidi ni ngumu zaidi, lakini kwenye leithi kuukuu inayotikisika ncha yake hukatika upesi, hasa mashine ikirudishwa nyuma kabla kisu hakijatoka.

Noa mbavu mbili hadi zikae sawasawa kwenye geji ya digrii 60 (kibao chenye pengo la pembe hiyo), mwanga usipite upande wowote. Uso wa juu uwe bapa kabisa. Ukiuinamisha, pembe inayokatwa haitakuwa tena 60 hata kama geji ilikubali. Mbele, chini ya ncha, ondoa digrii 8 hivi ili kisu kisisugue.

Mafundi wengi hukosea ubavu wa kushoto. Thredi hii inapanda kwa digrii 2.5 hivi, na kisu kinatembea kuelekea kwenye chaki (kishikio kinachozungusha chuma), kwa hiyo ubavu wa kushoto unahitaji nafasi kubwa zaidi chini yake: digrii 7 au 8. Wa kulia unatosha digrii 3. Ukinoa mbavu zote sawa kwa nafasi ndogo, wa kushoto utasugua badala ya kukata, na meno yatatoka yamechanika upande mmoja.

Ncha isiachwe kali kama sindano. Ipunguze kwa jiwe la mafuta hadi upana wa 0.3 mm, kingo zikiwa zimeviringwa. Ncha kali huvunjika, na huacha mfereji mkali ambao bolti itakatikia. Wakati wa kunoa vaa miwani, usivae glavu, na chovya kisu majini mara kwa mara tangu mwanzo. Kikishakuwa chekundu usikitumbukize, kitapata nyufa ndogo usizoziona.

3. Andaa chuma. Kereza hadi 19.8 mm, si 20, kwa kuwa kisu husukuma chuma kidogo kwenye ncha za meno. Kata mwanzo kwa digrii 45, kina 1.6 mm. Mwisho wa thredi chimba mfereji wa kutokea kisu: upana 6 mm, kipenyo 16.4 mm. Shika mwisho kwa senta, ncha inayoegemeza chuma upande usio na chaki.

4. Funga kisu. Ncha iwe sawa na ncha ya senta, na geji ilale sambamba na chuma. Kisu kikikaa upande, meno yatalala na nati itakaza upande mmoja. Geuza slaidi ya juu (ile ndogo inayobeba kisu) digrii 29.5 ili ubavu wa kushoto ndio ukate karibu kazi yote.

5. Kata. Mizunguko 60 hadi 100 kwa dakika, mafuta ya kukatia yakiwepo muda wote. Pita ya kwanza iwe mkwaruzo tu; simamisha, pima pichi. Kisha ongeza kwa slaidi ya juu: 0.25 mara mbili, 0.20 mara mbili, 0.15 mara tatu, 0.10 mara mbili, 0.05 mara mbili. Jumla ni 1.65 mm. Kila pita ikiisha, vuta kisu nje kwa slaidi ya msalaba (ile inayokwenda moja kwa moja kuelekea chuma), rudi mwanzo, rejesha slaidi hiyo kwenye sifuri, halafu ongeza.

Leithi nyingi za zamani zina skrubu kuu, ile inayosogeza kisu wakati wa kukata thredi, ya inchi. Kwenye hizo, ukikata thredi ya milimita, usifungue nati nusu (kibanio kinachoshika skrubu kuu) hata mara moja mpaka kazi iishe. Rudisha mashine kwa kuizungusha kinyume. Ukifungua, kisu hakitarudi kwenye mfereji wake na utapata thredi mbili juu ya moja. Kama chaki imefungwa kwa thredi kwenye spindo (mhimili unaoizungusha), rudisha kwa mwendo mdogo na usigeuze ghafla, kwa sababu inaweza kufunguka na kuruka.

Umeme ukikatika katikati ya mkato, zima swichi kwanza, kisha vuta kisu nje. Nati nusu iache imefungwa. Umeme ukirudi kisu kikiwa bado ndani ya chuma kilichosimama, ncha itavunjika. Ukilazimika kunoa upya, kirudishe kisu kwa geji, zungusha chaki kwa mkono mbele kidogo ili kuondoa uchezo, kisha tumia slaidi zote mbili kuiingiza ncha kwenye mfereji bila kugusa upande wowote.

6. Jaribu nati. Bolti ikiwa bado kwenye mashine, safisha chenga na upitishe nati mpya. Ikikaza, rudia pita ya mwisho bila kuongeza kina, kwa kuwa chuma kirefu hupinda kidogo na kurudi. Bado ikikaza, ongeza 0.05 tu. Ikiingia kwa vidole bila kuchezacheza, fungua nati nusu.