Meza ya muziki ya watu wanne: kuijenga na kuipiga

Reactable, iliyoanza kuundwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, ni meza inayopigwa kwa vibao: ukiweka kibao kinalia, ukikizungusha sauti inabadilika, ukikiondoa kimya. Programu ya kutambua vibao kwa kamera, kupitia alama zilizochapwa chini yake, reacTIVision, ni ya bure, na ya kutengeneza sauti, Pure Data, vilevile. Kwa hiyo kujenga inayofanana nayo, fundi seremala, kompyuta ya kawaida na kamera vinatosha. Projekta, ya kuonyesha picha juu ya meza, iache kwanza. Mwanga wake huichanganya kamera, na hapo utalazimika kuhamia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho.

Tengeneza boksi la plaiwudi, uso sm 60 kwa 45, kimo sm 70, ndani lipakwe rangi nyeupe. Kamera ikae chini ikitazama juu. Kamera nyingi za kompyuta huhitaji umbali wa sm 55 hadi 65 kuuona uso wote, basi iinue kwa vipande vya mbao mpaka picha ijae. Juu weka akriliki angavu (plastiki ngumu mfano wa kioo) ya mm 5, kisha karatasi ya kunakilia ramani, kisha plastiki nyembamba ya kuikinga. Karatasi ikiwa chini ya akriliki, kibao kinakuwa mbali nayo kwa mm 5 na alama yake inaonekana kama imelowa maji.

Taa za LED za utepe zizungushe kwenye kingo za ndani zikielekea chini, mwanga udunde kwenye kuta. Zikielekezwa juu zinaacha madoa meupe, na kibao kikipita hapo kinapotea.

Chapa alama nane za reacTIVision zenye upana wa sm 7, uzibandike chini ya vibao vya mbao vya sm 9, pembeni pabaki weupe. Usizifunike kwa selotepu, inang'aa. Zima urekebishaji wa mwanga wa kamera unaojiendesha wenyewe, la sivyo mtu akiinamia meza picha nzima inabadilika. Kibao kikienda kulia na programu ikaona kushoto, geuza mhimili wa x kwenye mipangilio.

reacTIVision hutuma taarifa kwa programu ya sauti kupitia mlango wa mtandao (port) 3333: namba ya alama, mahali pake (x na y kati ya 0 na 1), na pembe kati ya 0 na 6.28, yaani mzunguko mzima kwa radiani. Hapa ndipo wengi hukwama. Kibao kikivuka 0, pembe inaruka ghafla kutoka 6.28, na kama umeiunganisha moja kwa moja na sauti, spika itapiga kelele ya kuogofya. Hesabu tofauti ya pembe, si pembe yenyewe; ikizidi 3.14 ondoa 6.28, ikishuka chini ya -3.14 ongeza 6.28, kisha uijumlishe kidogokidogo. Pia usizime sauti papo hapo alama ikipotea: mkono ukiinamisha kibao kidogo tu, kamera hukikosa kwa picha mbili tatu. Subiri milisekunde 200.

Kibao kipya kisianze kulia kinapowekwa, bali mwanzo wa mpigo unaofuata. Bila hivyo watu wanne hawatakaa pamoja hata wakiwa na sikio zuri. Mzunguko wa hatua 12 tunaupendelea kuliko 16, kwa sababu unagawanyika kwa 3 na kwa 4, na mdundo wa tatu juu ya nne (mapigo matatu na manne yakienda kwa pamoja), unaosikika katika ngoma zetu nyingi, unapatikana bila shida. Melodi ipewe noti tano tu: C, D, E, G, A. Hata anayebahatisha hatakwaruza masikio.

Kila mtu apewe vibao viwili: wa kwanza vya ngoma, wa pili vya besi, wa tatu vya melodi, na wa nne vya kupunguza au kuongeza mwangwi. Dakika tano za kwanza kila mmoja atumie kimoja. Ukiwapa vyote mara moja, vyote vitawekwa mezani na hakuna atakayejua sauti yake ni ipi.

Kisha fanyeni zoezi la kusikiliza: watatu waipe meza mgongo, wa nne aondoe kibao kimoja polepole. Wataje kilichotoka kabla mzunguko haujaisha. Anza na ngoma, kwa kuwa ni rahisi. Besi iache mwisho.