Umetoka semina, sasa Jumatatu unafanya nini?

Tuseme ukweli, semina nyingi tunazikumbuka kwa posho na pilau la mchana. Unarudi na daftari jipya na cheti, wiki mbili baadaye daftari linaandikiwa madeni ya vocha. Mi nafanya stoo ya vyakula, nishafundishwa kabisa kwamba mzigo unaoisha muda mapema ndo utoke mapema, nikapiga na picha, wiki ya tatu nikakuta katoni 14 za maziwa zimeekspaya nyuma ya rafu yangu mwenyewe!

Siku hizi nafanya hivi. Siku ileile ya mafunzo, nikiwa kwenye daladala, naandika kwenye simu mistari mitatu tu: kipi kimenigusa, mara ya mwisho nilikosea wapi kwenye hicho kitu, na Jumatatu nabadilisha nini. Ukisubiri kesho basi tena, umeshasahau. Huo mstari wa pili unauma kidogo ila usiuruke, maana mi ndo ulinionyesha kuwa tatizo sio kutojua, tatizo gari la mzigo linakuja saa 11 jioni, vijana wanataka kuwahi nyumbani, so mzigo mpya unawekwa mbele na wa zamani unasukumwa nyuma huko.

Mstari wa tatu usiandike "nitaboresha usimamizi wa stoo", hiyo ni lugha ya ripoti. Andika kitu ambacho mtu akipita anakiona: "Jumatatu saa 2 asubuhi, kabla hatujapakia, naandika tarehe ya kuisha kwa maka pen mbele ya kila katoni ya maziwa." Kimoja tu, usijipe saba.

Halafu Ijumaa dakika kumi na wenzako, chai mkononi: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, safari ijayo tufanyeje. Jeshi la Marekani walianza kukaa hivi baada ya mazoezi miaka ya 1970, na pale cheo hakiangaliwi. Kwetu hapo ndo pagumu, bosi akikaa kila mtu ni "sawa bosi", kwa hiyo bora yeye aanze kusema alipokosea, akigoma kaeni bila yeye. Ijumaa yetu ya kwanza tuligundua tarehe zimeandikwa vizuri tu ila mzigo bado unawekwa mbele, tukaamua kuisogeza rafu kutoka ukutani ili mpya uingilie nyuma. Hilo semina isingenambia.

Na usifanye mara moja ukaacha. Pale Hospitali ya Haydom, Manyara, mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia kichanga asiyepumua, kwenye mwanasesere wakawa wazuri ila kwenye chumba cha kujifungulia utendaji haukubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya dakika 3 mpaka 5 kila wiki, palepale kazini, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikapungua.

Kwa hiyo bosi akikuambia uandike ripoti ya semina kurasa tano, iandike tu yaishe, ila muombe na hizo dakika kumi za Ijumaa.