Kupima Madini ya Risasi Katika Damu kwa Kifaa cha Kubebeka
Kabla ya kumchoma mtoto kidole, mwoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha umkaushe kwa karatasi safi, kwa kuwa vumbi kidogo lenye risasi likibaki kwenye ngozi hutosha kupandisha majibu. Hatua hii hupuuzwa kirahisi, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Futa tone la kwanza la damu kwa shashi, ukusanye linalofuata bila kukikamua kidole, ulichanganye na kitendanishi (kemikali ya kupimia), kisha uliweke kwenye kifaa, ambacho hutoa jibu baada ya dakika 3 hivi. Likifikia mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linaelekeza chanzo kitafutwe, lithibitishwe maabara kwa damu ya mshipa.