Somo: Rupia yako ya Mjerumani, uitume ikapimwe gredi au uiache?

Wakuu, picha zinazonijia inbox zimekuwa nyingi: rupia za Mjerumani, zile zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, mtawala wa Ujerumani, aliyevaa kofia yenye ndege tai. Swali ni moja, "niitume Marekani ikapimwe?" Mara nyingi jibu langu ni hapana. Leo nieleze kwa nini, hatua kwa hatua, na pia ni lini jibu hugeuka.

Tuanze na unachokilipia. Kampuni mbili za Marekani ambazo soko la dunia linaziamini zaidi ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC ya 1987. Wanakagua kama sarafu ni halali, wanaipa namba kwa skeli ya Sheldon ya 1 hadi 70, kisha wanaifunga kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba ya usajili. Kuanzia 60 ni sarafu isiyowahi kuzunguka mikononi mwa watu. Ya 40 imeshikwashikwa kidogo, na ikishuka chini ya 20 ujue sura imeanza kulika. Kasha haliongezi madini ya fedha ndani ya sarafu. Linachofanya ni kumwondolea shaka mnunuzi ambaye hajawahi kuiona kwa macho, basi.

Hatua ya 1: Ijue sarafu yako. Rupia za mwanzo, 1890 hadi 1902, zina jina la Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Zile za 1904 hadi 1914 zimeandikwa Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na zina herufi ndogo ya mji zilikogongwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Nenda kwa sonara ukaipime. Rupia moja halali ina gramu 11.66 hivi, na ni fedha ya 917, yaani sehemu 917 kati ya 1,000 ni fedha safi. Ikipungua kwa mkwaruzo wa matumizi, sawa. Ikiwa na gramu 9, au ikinaswa na sumaku, safari imeishia hapo kwa sonara na umeokoa nauli ya posta.

Hatua ya 2: Tafuta dalili za kusafishwa. Hapa ndipo sarafu zetu nyingi zinapofia. Kwetu kitu cha fedha kikiingia weusi hakiachwi: ndimu, majivu, dawa ya meno, steel wire ya sufuria, kila nyumba na dawa yake. Sarafu inang'aa na mwenyewe anafurahi, kumbe ameondoa ngozi ya juu ambayo wapimaji huitafuta. Ishike kwa ukingo, usiguse uso, iinamishe taratibu chini ya taa moja. Mng'ao wa asili huzunguka pamoja na sarafu. Sarafu iliyosuguliwa huonyesha michirizi myembamba inayoelekea upande mmoja, au hung'aa kote sawasawa bila uhai. Ya namna hiyo hawataipa namba. Wataandika kwamba ni halali lakini imesafishwa, na ada utalipa vilevile. Kwa hiyo, kama rupia yako bado ni nyeusi, nakuomba iache na weusi wake.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwenye karatasi, si kichwani. Andika ada ya kupima, usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na bima, na ushuru unaoweza kukukuta mzigo ukirudi. Kisha tazama minada iliyokwisha fungwa, yaani bei zilizolipwa. Bei anayoomba muuzaji haikusaidii, hata mimi naweza kuomba milioni mia. Linganisha sarafu ya mwaka na herufi kama yako iliyo kwenye kasha na isiyo na kasha. Tuseme gharama zote ni dola 90 na tofauti ya bei ni dola 40: iache kabatini. Rupia ya kawaida iliyolika huishia humo. Sarafu ya rupia 2 ya 1893 au 1894 ni habari nyingine, ni adimu na hesabu yake inaweza kulipa hata ikiwa imetumika.

Hatua ya 4: Ikiwa ni dhahabu ya Tabora, itume. Mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia imepamba moto na koloni limezingirwa, Wajerumani waligonga sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja kuna tembo mbele ya mlima, na herufi T. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, na wakusanyaji duniani kote wanazitaka. Sababu hiyohiyo imewaleta waghushi. Bila kasha la kampuni inayojulikana, mnunuzi makini atakupa bei ya woga. Hapa namba ya gredi ni ziada tu, uhalali ndio unaoulipia.

Hatua ya 5: Sheria kabla ya bahasha. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia za Mjerumani zimekuja baadaye. Lakini vile visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa vimo ndani ya sheria hiyo. Ukiviokota, mahali pake ni Idara ya Mambo ya Kale, si DHL.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mkuu, nina senti 10 ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Huyu alitawala chini ya mwaka mmoja. Si nimeukata?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia sokoni, ndiyo maana hadithi ni tamu. Zetu za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura yake, jina tu, hivyo ziligongwa kwa mamilioni. Ipime ikiwa tu haijawahi kutumika kabisa, na hata hapo rudi Hatua ya 3.

Swali (Mombasa): Shikamoo mwalimu. Rupia ya marehemu nyanya ina kipete kilichochomelewa, aliivaa shingoni. Nimwambie fundi akitoe ndipo niitume?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usikitoe. Alama ya kuchomelea itabaki na wataiona, halafu utakuwa umepoteza sarafu na kidani pia. Ivae.

Swali (Muscat): Nina riyali za 1780 zenye sura ya Maria Theresa, yule malkia wa Austria, za babu. Umri wa miaka zaidi ya mia mbili hauongezi thamani?

Jibu: Huenda za babu ni changa kuliko unavyofikiri. Tarehe ya 1780 iliendelea kugongwa Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko hadi karne ya 20. Nyingi huuzwa kwa uzito wake, gramu 28 za fedha ya 833. Mtafute anayejua kutofautisha zilikogongwa na lini kwanza, maana chache zina bei.

Swali (Dodoma): Kuna jamaa anauza rupia 15 ya Tabora, tayari ipo kwenye kasha. Hapo nina usalama?

Jibu: Makasha nayo yanaghushiwa. Ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya kampuni, na kama wameweka picha, ilinganishe na iliyo mkononi mwako: mikwaruzo, madoa, kila kitu. Namba kuwepo peke yake haitoshi, mwizi ananakili namba halali. Muuzaji akikukatalia muda wa kuangalia, mwachie mali yake.

Swali (Nairobi): Na rupia ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza yenye mizani?

Jibu: Nzuri hiyo, na ikiwa haijasafishwa inastahili kupimwa. Ila sheria ya Kenya ya 2006 inahesabu vitu vya kabla ya 1895, kwa hiyo pitia Makumbusho ya Taifa uulize kibali kabla haijavuka mpaka.