Mama, ni lazima nilipe? Namna ya kujua deni lako la ushuru wa mapato

Kila Juni mimi huketi kwenye meza ya nyuma ya saiba moja hapa Umoja, nikiwasaidia majirani kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mishahara Industrial Area, kwa hiyo hesabu hizi zimenikaa kichwani. Juni iliyopita kijana wa bodaboda alinionyesha ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu: eti ushuru wa mapato ni hiari, na Katiba haimlazimishi mtu. "Mama, hii ni kweli?"

Si kweli, mwanangu. Nilimfungulia Katiba ya 2010 tukaisoma pamoja. Kifungu cha 209 kinaipa serikali ya kitaifa peke yake mamlaka ya kutoza ushuru wa mapato. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru unaoweza kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Sheria yenyewe ni ile ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, iliyoanza kutumika Januari 1, 1974. Sehemu yake ya 3 inatoza mapato yanayopatikana Kenya, awe aliyeyapata ni mkazi au la. Kijana alipofika aya ya tatu ya kifungu cha 210 alinyamaza kidogo: hakuna sheria inayoweza kumwondolea ofisa wa serikali wajibu wa kulipa kwa sababu ya cheo chake. Mbunge naye yumo. Hilo linastahili kujulikana na kila mtu aliyewahi kuuliza kwa nini yeye tu.

Sasa tuanze kazi. Kwanza jiulize kama wewe ni mkazi, na usichanganye ukazi na uraia. Ukiwa na makao ya kudumu Kenya, hata ukikaa siku chache tu mwaka huo, wewe ni mkazi. Usipokuwa na makao ya kudumu, zinahesabiwa siku: 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Fundi kutoka Arusha anayeshona Gikomba karibu mwaka mzima ni mkazi. Na binti wa Roysambu anayeandikia kampuni ya Marekani kutoka chumbani kwake, akilipwa kwa dola, asidhani dola hazihesabiwi. Kazi inafanyika Nairobi.

Pili, tafuta mapato yako yako upande gani.

Ukiajiriwa, mwajiri hukata PAYE, yaani ushuru wa mapato unaotolewa kwenye mshahara, na kuipeleka KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Chukua pesilipu yako uhesabu mwenyewe, maana wengi hawajawahi. Tuseme mshahara ni shilingi 35,000. Toa akiba ya uzeeni ya NSSF 2,100, bima ya afya ya SHA 962.50, na ada ya nyumba 525. Zinabaki 31,412.50. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambazo ni 2,400. Zilizobaki, 7,412.50, hutozwa asilimia 25, karibu 1,853. Jumla ni 4,253, kisha unapunguziwa nafuu ya kila mwezi ya 2,400. PAYE yako ni kama 1,853. Pesilipu ikionyesha tofauti kubwa, muulize karani wenu. Utaona pia kwamba mtu ambaye baada ya makato hayo anabakiwa na 24,000 au chini halipi PAYE hata senti.

Ukiwa na nyumba za kupangisha, hapa lugha yetu huwachanganya watu, kwa sababu kodi mtaani ni pesa ya mpangaji. Kodi unayopokea nayo ina ushuru wake. Ikifika kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5 ya kodi yote kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba kumi na viwili vya Kariobangi kwa 4,000 kila kimoja ni 48,000, kwa hiyo ushuru ni 3,600. Biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo, tarehe ni hiyo hiyo.

Tatu, na hapa ndipo ninapoona watu wakiumia: kulipa ni wajibu mmoja, kujaza ritani ni mwingine. Ukiwa na PIN, nambari yako ya mlipa ushuru, yenye wajibu wa ushuru wa mapato, unatakiwa kujaza ritani ya mwaka kati ya Januari 1 na Juni 30, hata kama hukupata shilingi. Wanafunzi huchukua PIN kwa ajili ya mkopo wa HELB kisha wanaisahau. Faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, itakayokuwa kubwa zaidi, na ni kwa kila mwaka. Nimemwona msichana aliyemaliza chuo akidaiwa 8,000 kabla hajapata kazi yoyote. Inaniuma, kwa sababu kazi yenyewe huchukua dakika tano.

Kosa la pili ni baya zaidi. Foleni ikirefuka wiki ya mwisho ya Juni, baadhi ya wahudumu wa saiba humjazia kila mtu ritani ya sufuri, inayosema hukupata mapato yoyote. Ukiwa na mshahara, usikubali. Dai P9, fomu inayoonyesha mshahara na PAYE yako ya mwaka, kwa mwajiri wako mapema, kaa karibu na kompyuta, na uone tarakimu zinazoingizwa ni zako. Dada yangu aliwahi kukatwa PAYE mwaka mzima na mkahawa mmoja mjini, na pesa hazikufika kokote. Aliyemwokoa ni bahasha ya pesilipu kumi na mbili aliyoiweka chini ya godoro. Pesa iliyokatwa ni deni la mwajiri, lakini ushahidi lazima uwe nao wewe.

Ukibaki na deni, toa hati ya malipo kwenye iTax, tovuti ya KRA, upate nambari yake, kisha ulipe kwa simu kupitia nambari 222222. Usimkabidhi mtu pesa taslimu akulipie.

Na ukiletewa na KRA makadirio ya ushuru usiyokubaliana nayo, una siku 30 kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Likikataliwa, una siku 30 nyingine kwenda Mahakama ya Rufaa za Ushuru. Siku hizo hupita haraka.

Yule kijana wa bodaboda alikuwa na miaka mitatu ambayo hakujaza. Tulianza na wa zamani zaidi, tukachapisha stakabadhi ya kila ritani, akazikunja akaziweka ndani ya koti lake la mvua.