Unaandika gemu la maandishi na unatumia kisoma skrini? Chagua programu hivi

Gemu la maandishi, lile unasoma "uko mbele ya mlango wa chuma" alafu unachagua ufanye nini, asiyeona na anayeona wanalicheza sawasawa kabisa, hakuna picha inayokupita. Shida inaanza pale unapotaka kuandika la kwako, maana programu nyingi za kutengenezea zimejengwa kwa mtu mwenye mausi mkononi.

Chukua Twine. Ni ya bure, Chris Klimas aliitoa 2009, na ukiuliza watu hiyo ndo watakutajia kwanza. Ukiifungua hadithi yako inakuwa ramani, viboksi vimeunganishwa kwa mishale unavisogeza huku na huku. Kwa anayeona ni raha ila mshale hauna sauti, kwa hiyo ukiwa na kisoma skrini kama NVDA hujui kipi kinakwenda wapi. Lakini usiitupe bado! Hadithi hiyohiyo inaweza kuandikwa bila ramani, kwa maandishi matupu yanayoitwa Twee, na hayo unayaandika Notepad kama barua tu:

:: StoryTitle
Nyumba ya Bibi

:: Start
Uko mbele ya mlango wa chuma.
[[Sukuma mlango->Uani]]

:: Uani
Kuna kuku wawili na ndoo ya maji.

Hilo ni gemu zima, yaani nukta pacha mbili zinaanzisha kila sehemu, mabano mraba mawili mawili yanatengeneza linki. Lisevu kwa jina gemu.twee, alafu shusha programu ndogo ya bure inaitwa Tweego, kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika tweego -o gemu.html gemu.twee, mara ya kwanza ikilalamika kwamba IFID, yaani namba ya utambulisho wa gemu, haipo, nakili sehemu ya StoryData inayokupa uiweke ndani ya gemu.twee alafu urudie amri, unapata faili moja linalofunguka kwenye brauza yoyote. Mausi hujaigusa. Mimi ndo nashauri watu waanzie hapa, hasa kwa sababu faili lile moja unaweza kumtumia mtu WhatsApp akalifungua kwenye simu yake.

Kabla hujaandika chochote bonyeza NVDA+P (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert) mpaka ifike kiwango cha kusoma alama zote. Ukisahau bano moja la kufunga, linki yako inageuka maneno tu, na kwenye kiwango cha kawaida sauti inaweza kupita hapo isikwambie kitu, utazunguka jioni nzima unatafuta kosa.

Ukiona hadithi yako ina mambo mengi ya kukumbuka, nani kapewa ufunguo, nani kakasirika, angalia ink, lugha ya kuandikia hadithi za kuchagua ya kampuni ya Inkle, wameiachia bure tangu 2016. Ina dirisha lake la kuandikia linaitwa Inky lakini hulazimiki, andika kwenye Notepad alafu endesha inklec -p na jina la faili, utalicheza gemu lako hapohapo kwenye dirisha la amri, chaguzi zinakuja na namba, unaandika namba unabonyeza Enter. Kwa sikio hakuna kitu kilichonyooka kuliko hicho.

ChoiceScript nayo ni maandishi matupu, na mchezaji anapata vitufe vya kuchagua vya kawaida kabisa ambavyo visoma skrini vinavielewa. Ila inapima nafasi za mwanzo wa mstari, ukikosea nafasi moja gemu linakataa. Kwenye mipangilio ya NVDA, upande wa muundo wa hati, washa taarifa za nafasi za mwanzo wa mstari kwa milio, mstari ukiingia ndani mlio unapanda, baada ya siku mbili tatu sikio linazoea. Na ujue kuuza gemu la ChoiceScript kunataka ruhusa ya wenyewe.

Watu watakwambia pia kuhusu Inform 7 ya Graham Nelson, ambayo mchezaji anaandika amri mwenyewe. Ni programu nzuri sana, lakini kama unaandika Kiswahili fikiria mara mbili. Imejengwa kwa Kiingereza, mchezaji anaandika "open it" basi, kwetu mlango ni "ufungue", kisanduku "kifungue", dirisha "lifungue", kila ngeli na kiambishi chake ndani ya kitenzi, na wewe ndo utaifundisha yote hayo. Kwa Kiswahili gemu la kuchagua linki litakupa muda wa kuandika hadithi.

Sasa kabla ya kuamua, usianze na hadithi yako ile kubwa. Tengeneza vyumba viwili na mlango mmoja kwenye kila programu unayoifikiria, alafu weka kosa makusudi, ondoa bano au nafasi, uone kama ujumbe wa kosa unasomeka na unakutajia mstari wa ngapi. Programu ambayo kosa lake linatokea kama rangi nyekundu tu, achana nayo.

Faili la HTML likitoka, lifungue Notepad, pale mwanzo neno html linapotokea hakikisha pana lang="sw". Bila hiyo kisoma skrini cha mchezaji kinaweza kusoma Kiswahili chako kwa sauti ya Kiingereza, na hapo hata "kuku" hatamwelewa. Maneno yanayojitokeza polepole yenyewe usiweke, yanamchanganya anayesikiliza. Alafu mtumie mtu mwenye TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, kaa naye, usimwelekeze kitu, sikiliza anakwama wapi.